Hatua Arobaini na Tatu

"Mimi na maumivu tunajuana kwa jina tu," Chuma aliitangazia wodi nzima. "Hatujawahi kukaa meza moja."

Alisema hayo saa kumi jioni, akiwa amelala chali, saa tatu tu baada ya kupasuliwa tumbo na kutolewa mtoto wa kiume aliyekuwa amejilaza kimkingamo kama komeo la mlango. Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kubishana na jenereta. Kwenye vyeti alikuwa na jina jingine, refu na la heshima zake, lakini mtaani wote walimwita Chuma, kwa sababu ndicho alichokuwa akikichomelea tangu amalize kidato cha nne: mageti, madirisha, vitanda vya bweni, na safari moja kizimba cha kasuku aliyekuwa anatukana wageni. Mikono yake ilikuwa na madoa ya cheche kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Aliunyoosha mmoja hewani, majirani waone.

"Haya ni madogo. Kubwa liko mguuni. Tone la chuma cha moto liliingia kwenye kiatu. Mnadhani niliacha kazi? Nilimaliza dirisha kwanza, ndipo nikavua kiatu. Ningewaonyesha, ila leo mguu wenyewe hauniitikii."

"Haukuitikii kwa sababu una ganzi, mama," alisema mwanamke wa kitanda cha tisa. Huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, mtoto wa tatu, upasuaji wa tatu, na alikuwa anacheka huku ameukandamiza mto tumboni kwa mikono miwili. "Na uniache nisicheke! Mshono wangu una siku mbili tu, usije ukaufungua kwa maneno."

Mwalimu alikuwa amesema kweli. Aliyekuwa anajigamba pale kitandani hakuwa Chuma, ilikuwa ganzi. Lakini ganzi haina mdomo, na Chuma alikuwa nao wa kutosha watu wawili.

Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mama mkwe wake, amenyooka kama rula. Mama huyu alikuwa amepiga kengele ya shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, na ingawa alikuwa amestaafu, saa ilikuwa bado inatembea ndani yake. Hakuvaa saa ya mkononi. Hakuihitaji. Hakucheka pia, ila alimtazama mkwewe kwa jicho lile ambalo watoto wa vizazi tofauti walikuwa wamelikimbia nyuma ya choo cha shule.

"Mtoto je, mama?" Chuma alimuuliza, kwa mara ya sita.

"Analala. Anahema vizuri kidogo kuliko mchana. Nimemwona kupitia kioo. Ana pua ya kwetu."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mtoto alikuwa ametoka tumboni akihema mbio, kana kwamba huko alikotoka alikuwa anafukuzwa, na wakamkimbiza moja kwa moja kwenye chumba cha watoto, mwisho wa korido. Chuma alichokiona kwa macho yake, juu ya lile pazia la kijani la upasuaji, ni unyayo mmoja. Unyayo mwekundu, umekunjamana, ukapita. Mumewe, dereva wa lori aliyekwama safarini nyuma ya daraja lililobomoka, alikuwa anapiga simu kila saa kuuliza mtoto anafanana na nani, na Chuma alikuwa anamjibu, "Na wewe, mume wangu, kabisa." Kwa unyayo ule, mtoto alifanana na binadamu wote.

"Kesho saa tano asubuhi," mama mkwe aliendelea, "wamesema akiamka vizuri watamtoa kwenye mashine ya hewa, anyonye. Mama yake akienda. Asipokwenda watampa maziwa ya kopo kwa kikombe."

"Nitakwenda. Ni mbali?"

"Hatua arobaini na tatu. Nimezihesabu."

"Arobaini na tatu!" Chuma alicheka. "Hizo naruka kwa mguu mmoja."

Saa kumi na mbili kamili, muuguzi aliingia na sinia. Alikuwa mwanamke mfupi, kalamu yake imefungwa kwa uzi kwenye mfuko wa kifuani ili madaktari wasitembee nayo, na viatu vyake vya mpira vililia kila alipogeuka, kwi, kwi, hata mgonjwa aliyefumba macho alijua yuko wapi.

"Viwili vyeupe kila baada ya saa sita," alisema. "Kimoja cha waridi kila baada ya saa nane. Usiku nitakuamsha."

"Lakini sista, mbona siumwi?"

"Ndiyo maana unakunywa sasa."

"Si ningengoja niumwe kwanza?"

"Ukingoja uumwe umechelewa. Ghala likishashika moto, huzimi kwa kikombe cha maji. Na hiyo raha unayoisikia ni ya sindano tuliyokudunga mgongoni. Kesho asubuhi itaondoka, wala haitaaga." Akageuza kichwa kwa Mwalimu, kama anayeita shahidi. "Zamani tulikuwa tunaanza na sindano kali, mofini, tena na tena. Akina mama walilala kama magogo. Wakiamka wanatapika, wakisimama wanayumba, watoto wanalia peke yao. Siku hizi tunaziba mlango mapema kwa hivi vidogo. Sindano inakaa kabatini kwa atakayeihitaji kweli, na wengi hawaihitaji. Haya, fungua mdomo."

Chuma akafungua mdomo. Vidonge vitatu vikaingia, maji yakafuata, koo likacheza. Muuguzi akaandika kwenye chati, kwi, kwi, akaenda.

Sasa, fundi anayeshinda na skrubu za bawaba mdomoni kutwa nzima, anaongea na wateja na kugombana na wauza vyuma bila hata moja kudondoka, hawezi kushindwa kuficha vidonge vitatu shavuni. Alipogeukia ukutani alivitoa, vimelowa kidogo kingoni, akavifunga kwenye pindo la kitenge chake. Hakuvitupa. Fundi hatupi kipande. Kila kipande kina dirisha lake.

Kwa nini alifanya hivyo? Angeulizwa angesema kwamba hanywi dawa asiyoumwa, kama asivyokunywa maji asiyokuwa na kiu. Lakini ukweli ulikuwa umeingia mchana kwa simu, kwa sauti ya wifi yake. "Hongera, wifi! Umepita njia ya mkato, eh? Sisi wengine tulilia mpaka paa likatikisika." Ilikuwa utani. Wifi ana haki ya utani. Ila utani mwingine ni kama kipande cha cheche: kinaingia kidogo, kinakaa ndani ya ngozi. Chuma, ambaye hakuwahi kupita njia ya mkato katika geti lolote maishani mwake, aliamua kimoyomoyo kwamba kama hakulipa uchungu mlangoni, atalipa dirishani. Mkwewe atamwona. Atarudi nyumbani aseme: yule mke wa mwanangu hakuguna.

Usiku aliamshwa mara mbili, na mara mbili shavu likafanya kazi yake. Alfajiri saa kumi na mbili, mara ya tatu. Fundo la kitenge likanenepa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Chuma alikuwa ameshazaa, kwa hiyo akaona methali haimhusu.

Saa moja asubuhi, akiwa bado nusu usingizini, mama mkwe alimgusa bega.

"Mwanangu, wale wa chumba cha watoto wanataka nguo uliyolalia. Wanasema mtoto akinusa harufu ya mama yake anatulia. Nipe hicho kitenge."

"Chukua, mama," Chuma akanong'ona, akageuza uso.

Kisha akageuka tena. Na pale alipogeuka, ndipo ile sindano ya mgongoni ilipoondoka. Haikuaga.

Kwanza alidhani kuna mtu ameweka kitu tumboni mwake, kitu kizito, chenye kona. Halafu kile kitu kikaanza kupata joto. Alijaribu kulala upande wa kushoto, kikahamia kushoto. Akajaribu kulia, kikamfuata. Akakunja magoti, akayanyoosha, akashika chuma cha kitanda, akakiachia, akavuta shuka, akaisukuma shuka. Akataka kukohoa, akaahirisha kikohozi kama mtu anayeahirisha kesi. Aliitazama saa ya ukutani: saa mbili na robo. Akaitazama tena baada ya muda mrefu sana: saa mbili na dakika kumi na nane.

"Mmeshakaa meza moja?" aliuliza Mwalimu kutoka kitanda cha tisa.

"Nani?"

"Wewe na huyo unayemjua kwa jina."

"Usinichekeshe, Mwalimu, nakuomba kwa heshima zote."

"Leo wewe ndiye unayesema hivyo?"

Chuma alijaribu kuketi. Aliinua kichwa, kisha bega, kisha akasikia kana kwamba mtu amemwasha kwa mashine yake mwenyewe, kutoka nyonga hii hadi nyonga ile. Jasho likamtoka. Akarudi chini taratibu, kama geti zito linaloshushwa na watu wasioaminiana. Hatua arobaini na tatu! Hakuweza hata kukifikia kiti cha plastiki.

Na saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Saa mbili na nusu. Saa tatu kasoro. Saa tano mtoto ananyonya, au anapewa kopo.

Kwi, kwi, kwi.

"Sista!" Chuma aliita, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya kushindana na jenereta. "Nipe vidonge."

"Umekunywa vyeupe saa kumi na mbili. Vingine saa sita mchana."

"Nipe hata viwili tu."

"Hivyo viwili ndivyo dozi, na dozi umeshameza, imeandikwa hapa. Nikikuongezea juu yake nitakuumiza ini." Muuguzi alikaribia, akamshika mkono, akamtazama usoni. Hakuwa anatania tena. "Mbona umelowa hivi? Unaumwa kiasi gani? Sifuri mpaka kumi."

"Kumi na nne."

"Na vidonge vyote umekunywa? Vya jana jioni, usiku, alfajiri?"

Hapa palikuwa na mlango wazi. Chuma angepita tu. Lakini mama mkwe alikuwa amerudi, amesimama miguuni pa kitanda, amenyooka kama rula, na kule kitanda cha tisa Mwalimu alikuwa ameacha kujifunika shuka ili asikie vizuri.

"Vyote, sista," alisema Chuma. "Kwa saa."

"Basi kuna kitu ndani," alisema muuguzi, akageuka mbio. "Namwita daktari."

Wakati akimngoja, Chuma alijaribu mlango wa nyuma.

"Mama," alimwambia mkwewe, kwa sauti tamu kuliko zote alizokuwa nazo, "naomba unirudishie kile kitenge changu."

"Kipi? Hiki nilichompelekea mtoto?"

"Nasikia baridi."

"Unatoka jasho, mwanangu."

"Ndiyo hiyo baridi."

"Wamekikunja kando ya kichwa chake. Amekigeukia, amelala. Unataka nikamnyang'anye mtoto nguo yake ya kwanza duniani?"

Chuma akarudi kuhangaika na shuka. Vidonge vinane, hatua arobaini na tatu. Kama angevikata katikati na kuvigawa, angepata robo kidonge na ushei kwa kila hatua mbili. Mwalimu angeifurahia hesabu hiyo, lakini Mwalimu hakuambiwa.

Daktari alikuja, kijana mwembamba mwenye macho ya mtu aliyelala amesimama. Alibonyeza tumbo hapa, akabonyeza pale, na Chuma, ambaye hakuwahi kuguna kwa tone la chuma cha moto, aliguna kwa vidole viwili vya daktari, mguno mrefu, wa kupanda ngazi. Daktari akasoma chati. Akasoma tena.

"Dawa zote kwa wakati, na bado hivi. Sipendi." Alimgeukia muuguzi. "Mpe mofini sasa. Asishuke kitandani mpaka saa nane mchana, ataanguka. Na aandaliwe kwenda kupigwa picha ya tumbo, tuone kama damu inavuja ndani."

"Mpaka saa nane?" alisema Chuma. "Daktari, mtoto ananyonya saa tano."

"Mtoto atapewa kikombe leo. Tukushughulikie wewe kwanza."

Muuguzi alikwenda kufungua kabati la dawa kali. Chuma alisikia funguo. Zililia kidogo tu, lakini kwake zilikuwa kama kengele ya kufunga shule.

Na kitu cha ajabu kilimjia kichwani wakati ule, geti. Geti la mteja mmoja mwenye haraka, aliyelipeleka kwanza kwa fundi mwingine. Fundi yule alikuwa ameanza kona moja akaichomelea mfululizo mpaka mwisho, bila kwanza kushikiza kona zote nne kwa matone madogo. Joto likavuta, fremu ikapinda kama sikio. Mteja akamletea Chuma, "Ninyooshee." Na Chuma alikuwa amemcheka mpaka akakaa chini. "Kaka yangu, matone ya kushikiza hupigwa fremu ikiwa bado imenyooka! Ikishapinda, leta nyundo zote za dunia." Alikuwa amelisema hilo mara mia. Aliwahi kutaka hata kuliandika ukutani, kwa rangi nyekundu.

Akafumba macho. Alipoyafumbua, alimwona mama mkwe wake. Yule mama hakuwa amenyooka tena. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, midomo inacheza bila sauti, kidole kinatafuta namba ya mwanawe.

"Mama, unampigia nani?"

"Mume wako. Wamesema damu inavuja ndani. Lazima ajue. Hata kama ni kwa miguu atavuka hilo daraja."

Mkono uliopiga kengele miaka ishirini na sita bila kuchelewa dakika, sasa haukuweza kubonyeza namba.

"Mama, usipige. Sista! Daktari! Ngojeni kwanza." Chuma alivuta pumzi fupi, kwa kuwa ndefu zilikuwa zimekatazwa na mshono. Lililokuwa moyoni lilikuwa vidonge vinane. Lililofika mdomoni, baada ya kupita kwenye aibu, lilikuwa limekonda. "Vya asubuhi... vile vya saa kumi na mbili... nadhani vilinipita. Nilisinzia. Vilianguka, sijui wapi."

Funguo zikanyamaza.

"Vya alfajiri tu?" aliuliza daktari.

"Asubuhi hiyo moja tu, daktari. Kwa usingizi."

"Na ulisema umekunywa vyote."

"Usingizi huo huo, daktari. Ulikuwa bado haujaisha."

Kutoka kitanda cha tisa ikasikika sauti ya mtu anayebana mto tumboni kwa nguvu zake zote.

Daktari alibonyeza tena tumbo, polepole, akasikiliza, akapima presha, akatazama shuka na mshono, akakunja chati. "Presha nzuri, tumbo laini. Mpe vyeupe sasa hivi, na cha waridi cha saa nne mpe sasa vilevile. Nitamwangalia tena baada ya saa moja. Akiwa bado hivi, sindano na picha, hakuna mjadala."

Safari hii muuguzi alimwambia, "Fungua mdomo. Meza. Fungua tena. Inua ulimi. Nionyeshe mashavu." Alitazama huko ndani kama fundi anayekagua bomba. Chuma alimeza, na vidonge vilipopita kooni alivisikia vikienda kimoja kimoja.

Kisha wakangoja. Saa moja ile ilikuwa ndefu kuliko miezi tisa. Chuma alihesabu vigae vya darini, akagundua kimoja kimewekwa kinyume, kikamkera kama hakikuwa na haki ya kuwa pale. Alipapasa shuka. Aliuliza saa. Aliuliza tena. Mwalimu alimfundisha namna ya kuinuka: usijikunje kama kisu cha kukunja, geuka ubavu, teremsha miguu kwanza, halafu jisukume kwa kiwiko. "Na mto tumboni, shoga yangu. Huo mto ni mume wako wa pili." Mama mkwe alisema atatangulia kwa mtoto, akaenda. Daktari akapita, akauliza kiasi, akajibiwa "saba", akatikisa kichwa, akabonyeza, akasema wangoje kidogo.

Saa nne na nusu Chuma alisema "tano". Saa tano kasoro ishirini alisema "nne", na hakudanganya. Maumivu hayakuwa yameondoka. Yalikuwa yamehamia chumba cha pili, yanasikika, lakini yamefunga mlango.

"Haya," alisema muuguzi. "Miguu kwanza."

Geuka ubavu. Teremsha miguu. Kiwiko. Dunia ikazunguka mara moja, ikakaa. Chuma akasimama, amejikunja kidogo kama alama ya kuuliza, mto tumboni, mkono mmoja kwa muuguzi.

"Mguu mmoja, si ndivyo ulivyosema?" alisema Mwalimu. "Unaruka?"

"Ninyamazie!"

Hatua ya kwanza ilikuwa ya nusu. Ya tano, mlango wa wodi. Ya kumi na mbili, ukuta wenye ubao wa matangazo, alioushika kwa kisingizio cha kusoma. Kwenye ya ishirini palikuwa na kiti cha magurudumu kimeegeshwa, gurudumu moja halipo, na pale lilipokatikia mtu alikuwa amejaribu kuunga.

"Nani alichomelea hapa?" aliuliza Chuma, anahema. "Huyu amepaka uji."

"Tembea, fundi."

"Nikipona narudi na mashine. Hii ni aibu."

Ya thelathini, jasho. Ya thelathini na nane, alisimama, akalaani, akaomba radhi kwa aliyemlaani. Ya arobaini na tatu, mlango wa kioo, sawasawa na alivyohesabu mama mkwe. Muuguzi alimkabidhi kwa wa chumba cha watoto, akarudi kwa wagonjwa wake, kwi, kwi.

Wakamketisha. Wakamletea.

Alikuwa na uso. Hilo ndilo la kwanza Chuma alilolifikiri, na angelitania kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine. Uso mzima, nyusi zimekunjwa kama mteja anayetafuta kasoro kwenye geti, midomo inatafuta hewani. Pumzi zilikuwa zinakuja moja moja, bila haraka. Alimweka kwa ubavu, mbali na mshono, kama alivyoelekezwa. Mtoto akakosa, akakosa tena, akagugumia, kisha akapata, akavuta kwa nguvu ambayo Chuma hakuitegemea kwa kiumbe wa ukubwa ule. Pua ilikuwa ya kwao kweli. Akalia kidogo. Hakuna aliyemwona, isipokuwa mtoto, na huyo alikuwa na shughuli.

Kwenye kiti cha pili alikaa binti mmoja, mzazi mpya, ameletwa kwa kitanda chake cha magurudumu na kuhamishiwa pale kwa kubebwa. Alimtazama Chuma kama anavyotazamwa mtu aliyevuka mto.

"Dada, wewe pia umepasuliwa?"

"Jana saa saba mchana."

"Na umekuja kwa miguu?"

"Hatua arobaini na tatu."

"Mimi naogopa hata kukohoa. Wananipa vidonge na siumwi sana, naona kama navipoteza bure. Nawaza nivibane mpaka nitakapoumwa."

Na hapa, msomaji, ungedhani mtu angekuwa amejifunza. Amejifunza, ndiyo. Lakini maziwa yanatoka, maumivu yako chumba cha pili, mtoto ananyonya, na binti wa watu anatazama kwa macho ya heshima. Mdomo wa Chuma, uliokuwa umefungwa tangu asubuhi, ukapata funguo.

"Usithubutu, mdogo wangu!" alisema. "Vidonge ni kama kushikiza fremu. Unapiga ikiwa bado imenyooka. Unakunywa kwa saa, unaumwa huumwi. Unaniona mimi? Tangu jana jioni sijakosa hata kimoja. Jioni nimekunywa, usiku nimeamshwa nimekunywa, sijasumbua mtu, sijaguna. Wala sindano yao sijaigusa. Kama huamini, muulize..."

Alinyanyua macho kutafuta wa kuulizwa.

"Amuulize nani?" alisema mama mkwe.

Alikuwa amesimama kwenye sinki la kunawia, amenyooka kama rula. Kitenge kilikuwa begani mwake. Pindo lilikuwa limefunguliwa, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeelekezwa juu, karibu na mwanga wa dirisha, kama mtu aliyeshika vifaranga.

"Moja," alisema, bila haraka, akivihamisha kwa kidole. "Mbili. Tatu. Hiki kimeliwa kingo. Nne. Tano. Sita. Na viwili vya waridi." Mlangoni, kwa mbali, viatu vya mpira vilikuwa vinarudi: kwi, kwi, kwi. "Tena nimevikuta kando ya kichwa cha mjukuu wangu. Mwanangu, mimi nimepiga kengele miaka ishirini na sita. Asubuhi nyingi nimeziona. Asubuhi moja yenye vidonge vinane, hiyo sijawahi."

Njia ya mwongo ni fupi; hii ilikuwa imepimwa kwa hatua. Binti alimtazama mama mkwe, akamtazama Chuma, akafunika mdomo kwa kiganja, akaanza kutikisika, akakumbuka mshono, akatafuta mto. Chuma naye alisikia kicheko kinapanda kutoka chini, kile kibaya, kisichozuilika, na alitafuta haraka mahali pa kukificha pamoja na uso wake. Hapakuwepo. Mkono mmoja ulikuwa na mtoto, mwingine ulikuwa na mto, na shavu, kwa mara ya kwanza tangu jana, lilikuwa tupu.